Mali Bila Daftari



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili nauliza: na daftari lenyewe likiliwa na mchwa, je?

Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo eneo hilo lilikuwa chini ya Wilaya ya Geita, Mkoa wa Mwanza. Kwa hiyo karatasi za mkulima mmoja zaweza kuwa kijijini, Geita, Mwanza, au Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Huu ni ukanda wa dhahabu. Akija mtu na leseni ya madini, mkulima sharti aonyeshe kuwa shamba ni lake ndipo afidiwe. Ushahidi wake ni muhtasari wa mkutano wa kijiji, barua yenye mhuri, au rejista ya ardhi inayotakiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ukurasa ukioza, mzee hubaki na maneno matupu. Nanyi wa mjini msicheke. Mashamba ya baba zenu yako huko huko.

Tukitaja hifadhi ya nyaraka, wakubwa hukimbilia kudai jengo jipya na kompyuta. Mimi nasema tujue kwanza mgonjwa ni nani na anaumwa nini. Watumishi wawili wa masjala, kalamu na daftari vyatosha. Wasifungue kila jalada. Wachukue moja katika kila ishirini. Karatasi inamomonyoka ikiguswa? Pini zimeshika kutu? Kuna ukungu, udongo wa mchwa, alama za maji? Wino ungali unasomeka? Kisha watazame paa na madirisha, maana kukarabati jalada chini ya paa linalovuja ni kutwanga maji kinuni.

Mwisho waulize: jalada hili likipotea, kuna nakala kwingine? Na nani ataumia?

Majibu hayo ndiyo yatakayopanga foleni. Jalada la mipaka lisilo na nakala litangulie. Ratiba za sherehe zisubiri.

Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka, imewatwisha wakuu wa ofisi za umma mzigo huu. Basi waheshimiwa madiwani, kabla ya kupitisha bajeti, ulizeni: tathmini ya majalada yetu iko wapi?

Mpaka juma lijalo, kwaherini.