Kijiji cha Mtoni: Kina Nini, Kinakosa Nini, na Sisi Huku Tufanye Nini

(Mazungumzo na familia zetu, kama yalivyosemwa kwenye kikao cha Jumamosi)



Leo tunazungumza kuhusu vijiji vya msituni kandokando ya mto Lualaba, kati ya Kindu na Ubundu. Baadhi yenu mmetoka huko. Wengine mlizaliwa kambini, na kijiji mnakijua kwa simu tu. Simu hizo ndizo zimeleta mazungumzo haya. Ninapokaa na familia kupanga bajeti, tunaandika kodi, umeme, chakula, mkopo wa tiketi za ndege, na chini kabisa kuna mstari mmoja: “nyumbani”. Mstari huo ndio unaoleta maneno ndani ya nyumba. Baba anataka kutuma. Mama anauliza pesa za mwezi uliopita zilifanya kazi gani. Watoto wanauliza, “Kwani huko kuna nini?” Tuanze na swali la watoto.

Huko kuna mali. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Udongo unatoa mihogo, ndizi, mpunga na mawese. Mto unatoa samaki. Msitu unatoa viwavi msimu wao ukifika, uyoga, asali, mbao na dawa. Kuna ujuzi pia. Mama zetu wanajua kuloweka mihogo michungu siku kadhaa mpaka sumu itoke, ndipo waianike na kuitwanga. Wanajua kumkausha samaki kwa moshi mahali ambapo hakuna barafu. Kule Kisangani, Wagenia wanasimika miti katikati ya maji makali na kutega vikapu vikubwa kuliko mtu. Watoto wenu wayasikie hayo kwenu, kwa sababu huku shuleni wataonyeshwa picha za shida tu.

Kinachokosekana ni njia. Tunasema penye nia pana njia, lakini kule nia ipo, na njia ndiyo shida. Kutoka Kindu mpaka Ubundu mashua inapita vizuri, kama kilomita 300. Ukifika Ubundu, mto unavunjika: kuna maporomoko saba ya Boyoma mpaka Kisangani, na mashua haipiti. Ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kuyazunguka, ikafunguliwa mwaka 1906. Zaidi ya miaka 100 imepita, na mfanyabiashara bado anapiga hesabu ileile: ashushe mzigo, asubiri treni au akodi pikipiki ya kupita msituni, apakie tena. Akitaka kufika Kinshasa, kutoka Kisangani kuna safari nyingine ya mto, zaidi ya kilomita 1,700. Kila anaposhusha na kupakia, analipa. Kwa hiyo bidoni la mawese ni rahisi kijijini na ni ghali mjini, na tofauti ya bei inaliwa njiani. Shangazi akikwambia, “Chakula tunacho, pesa hatuna,” anakueleza uchumi wa pale kama ulivyo.

Njia hiyohiyo inamkosa mgonjwa. Kituo cha afya chenye dawa kinaweza kuwa mwendo wa siku nzima kwa mtumbwi. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hana siku nzima. Mtoto mwenye malaria kali pia hana. Halafu kuna upofu wa mto. Huo unaletwa na vijidudu vinavyosambazwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi. Dawa yake, ivermectin, inajulikana na inazuia upofu, mradi imfikie mtu kila mwaka.

Shule nayo hivyohivyo. Katiba ya mwaka 2006 ilisema elimu ya msingi katika shule za serikali iwe bure, na tangu mwaka 2019 serikali imeanza kulitekeleza hilo. Ni jambo jema. Lakini baada ya darasa la sita mtoto wa kijijini mara nyingi inabidi aende kukaa mjini kwa ndugu ili aendelee, na hapo ada inaanza tena, pamoja na chakula na mahali pa kulala. Hapo ndipo wasichana wengi wanaishia.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa bajeti. Kabla ya kutuma, ulizeni swali moja: pesa hii inafungua njia, au inaliwa wiki hii na mwezi ujao tunaombwa tena? Simkatazi mtu kumzika ndugu yake au kumtibu mama yake. Ninazungumzia pesa inayobaki baada ya hapo. Mwaka mmoja wa sekondari kwa msichana mmoja unafungua njia. Akiba ndogo ya mafuta ya mashua kwa ajili ya mama wajawazito inafungua njia. Injini ya mashua ya kikundi inafungua njia, ila muandikiane kwanza nani ananunua mafuta, nani analipa fundi ikiharibika, na nani anakaa na ufunguo. Nyumba ya mabati ambayo hakuna atakayelala ndani yake inaweza kungoja.

Ukituma nauli, tuma na sharti. Mashua zetu zinajazwa kupita kiasi, zinasafiri usiku bila taa, na abiria wengi hawana jaketi la kuokolea maisha. Sema wazi: usipande usiku, usipande iliyojaa, na pesa hii ya juu ni ya jaketi. Kumbukeni pia kwamba mahali pasipo na mtandao, mtu anasafiri mpaka kwa wakala ndipo azitoe pesa za M-Pesa au Airtel Money. Kutuma mara moja kwa miezi mitatu kunaweza kumfaa kuliko kidogokidogo kila wiki.

Jambo linalonisumbua zaidi ni msitu. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ya Kongo ni mali ya serikali, na kijiji kinaitumia kwa mila. Mgeni akija na pikipiki, chumvi na karatasi ya Kifaransa, chifu anaweza kutia sahihi jioni moja kitu ambacho wajukuu watalipia. Lakini kuna mlango. Amri ya mwaka 2014 inaruhusu jamii ya kijiji kuomba msitu wake wa mila, mpaka hekta 50,000, bila kuununua na bila mwisho wa muda. Gavana wa mkoa ndiye anayetia sahihi. Kijiji kinahitaji ramani waliyokubaliana na majirani, mkutano wenye maandishi, na kamati ya kusimamia. Msitu ukiwa na karatasi, kijiji kina la kuzungumza na mgeni. Sisi huku tusiamue kwa niaba yao. Kazi yetu ni kuwapa habari, kuwasomea Kifaransa, na kuwasaidia wazee nauli ya kwenda mkoani.

Vijana wa kule watakuomba uwalete huku. Msiahidi msichoweza. Nafasi ya kuhamishiwa nchi nyingine haiuzwi, huduma za UNHCR ni bure, na anayedai pesa kwa ajili ya hiyo ni mwizi. Ikiwa ni mume, mke au mtoto, njooni ofisini tuangalie utaratibu. Na wewe ambaye hujapata uraia, usikate tiketi ya kwenda kusalimia kabla hujaongea na mwanasheria wa uhamiaji. Safari moja inaweza kuharibu karatasi zako.

Wiki hii kila familia ipige simu moja nyumbani, na isiwe ya pesa. Ulizeni mambo matatu: Ni mtoto gani anamaliza darasa la sita mwaka huu? Mama mwenye uchungu anapelekwa wapi, na kwa saa ngapi? Kuna mtu yeyote aliyekuja na karatasi kuhusu msitu? Andikeni majibu, mje nayo kikao kijacho, tuyasome pamoja.