Nani Anamfundisha Mwalimu wa Darasa la Kwanza?



Desturi ya mhadhara wa profesa kama huu ni msemaji kupitia utafiti wake wote, tangu shahada ya kwanza hadi mvi zilipomtoka. Mniwie radhi, jioni hii nitashika jambo moja tu, nalo ni masomo tunayompa kijana anayekwenda kufundisha elimu ya awali, darasa la kwanza na la pili. Hoja yangu ni fupi, na najua si wote ukumbini watakaoipenda: masomo hayo yanafundishwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kushika darasa la kwanza hata kwa muhula mmoja.

Tazameni njia anayoipitia mkufunzi wa chuo cha ualimu. Anamaliza kidato cha sita, anakuja kwetu chuo kikuu, anasoma shahada ya elimu na masomo mawili ya kufundishia sekondari, tuseme Historia na Kiswahili. Anafundisha kidato cha pili na cha tatu kwa miaka kadhaa, kisha anahamishiwa chuo cha ualimu, na huko anapangiwa wanachuo wa elimu ya awali na msingi. Anachokijua barabara ni masomo ya sekondari na nadharia alizozichukua hapa. Basi anafundisha alichonacho. Piaget na hatua zake za ukuaji, Vygotsky, Froebel na shule yake ya watoto wadogo ya mwaka 1837, Maria Montessori na nyumba aliyoifungua Roma mwaka 1907: wote wanaingia daftarini, wanakaririwa, wanatoka kwenye mtihani wakiwa vilevile walivyoingia. Sina ugomvi na watu hao. Montessori alijenga kazi yake yote juu ya kukaa na kumtazama mtoto. Sisi tumemfanya swali la alama kumi.

Nitaeleza kinachokosekana kwa kuanzia na kusoma, maana hapo ndipo penye maumivu. Tathmini ya kitaifa ya Tanzania ya mwaka 2013 ilionyesha kuwa, kati ya watoto kumi wa darasa la pili, hakutimia hata mmoja aliyeweza kusoma kwa Kiswahili na kuelewa kwa kiwango kilichotarajiwa. Matokeo hayo yalisaidia kuleta mtaala wa mwaka 2015 wa darasa la kwanza na la pili, uliorudisha mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Walimu waliokuwa kazini wakaitwa kwenye mafunzo ya siku chache. Mafunzo hayo yaliwasaidia wengi, sikatai. Lakini yaliwafundisha nini? Kumtambulisha mtoto sauti ya herufi kabla ya jina la herufi hiyo, kuunganisha sauti kuwa silabi, silabi kuwa neno, kupima ufasaha, kupima ufahamu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mwalimu wa darasa la kwanza. Watu walikaa chuoni miaka miwili, wakapewa vyeti, ndipo wakafundishwa kazi yao kwa siku chache kwenye semina.

Kiswahili kina bahati kubwa katika jambo hili. Irabu ni tano, na herufi hubaki na sauti yake karibu popote inapokaa. Mtoto akishika silabi, mlango umefunguka. Wepesi huo ndio unaotuponza. Darasa zima linaimba ukurasa kwa sauti moja huku nusu yao wakitazama dirishani, na mkaguzi anaondoka ameridhika. Mwalimu aliyeandaliwa anajua kumnasa mtoto anayekariri. Anafunika picha. Anageuza silabi za neno, "meza" anaiandika "zame", aone kama mtoto anasoma au anakumbuka. Anamwita mmoja mmoja mezani na kumsikiliza kwa dakika moja, anaandika alipokwama. Mambo haya hayahitaji kompyuta wala fedha za wafadhili, ila lazima mtu ayafanye mbele ya mtoto mara nyingi, huku mwenzake aliyebobea amesimama pembeni akimsahihisha.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likipewa uzito wake katika silabasi za ualimu. Kijana anatoka chuoni anapangiwa kijiji cha Usukumani, Umasaini au Mbulu, na watoto wanaomsubiri wamelelewa kwa lugha ya nyumbani. Kiswahili wanakijua kwa maneno machache ya dukani. Kwao darasa la awali ni somo la lugha kabla ya kuwa somo la kitu kingine chochote. Je, tumemfundisha mwalimu huyu kufundisha Kiswahili kama lugha ya pili kwa mtoto wa miaka mitano? Tumemfundisha kutofautisha kosa la kusoma na lafudhi? Mtoto wa Kikurya akiona "kula" akatamka "kura", amesoma sawasawa; ulimi wake ndio unaofuata lugha ya mama. Mwalimu asiyejua hilo atamchapa kwa kosa ambalo hakulifanya, na mtoto atahitimisha kuwa kusoma ni jambo la bahati nasibu.

Kuhesabu nitapita haraka. Mtoto akiambiwa aandike ishirini na tatu akaandika 203, karibu kila mwalimu mgeni humtilia mkasi na kusonga mbele. Kumbe mtoto ametumia akili. Ameandika 20, kisha 3, kama alivyosikia. Hajaelewa thamani ya nafasi, basi. Dawa yake ni vijiti vilivyofungwa kumikumi, avishike, avifungue, avihesabu upya. Mwanachuo anapaswa kuondoka chuoni akiwa ameona makosa ya namna hii kwa macho yake na kujua kila moja linatokana na nini.

Mtaniambia: Profesa, wanachuo wanakwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Wanakwenda, ndiyo. Nani asiyeijua BTP? Mwanachuo anapelekwa shuleni kwa wiki kadhaa. Mwalimu mkuu mwenye busara zake anampa darasa la nne au la tano, watoto waliokwisha kutulia. Siku ya ukaguzi manila inabandikwa ukutani, maua yanawekwa mezani, andalio la somo linaandikwa kwa wino wa rangi mbili. Mkufunzi anafika na gari la chuo, anakaa nyuma ya darasa kipindi kimoja, anajaza fomu, anauliza azimio la kazi, anaondoka kuwahi shule nyingine kabla ya mvua. Fomu inapima kama utangulizi wa somo ulifuata hatua. Haiulizi mtoto gani amejifunza nini.

Na tusisahau ukubwa wa madarasa. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa elimu ya awali, na 45 wa msingi. Ada na michango ilipofutwa kuanzia Januari 2016, watoto wa awali nchini walipindukia milioni moja na nusu, na yapo madarasa ambayo mwalimu mmoja ana watoto mia na zaidi. Hata hivyo tunamwandaa kwa andalio la somo linalodhani ana ishirini. Kugawa darasa kubwa makundi, kufundisha kundi moja huku mengine yakiwa na kazi ya maana, kutumia wakubwa kuwasaidia wadogo, ni ufundi unaofundishika. Usipofundishwa, mwalimu anabakiwa na njia mbili: kiitikio na fimbo.

Historia yetu ina mfano ambao tumeuonea haya bila sababu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Serikali ilihitaji maelfu ya walimu ili elimu ya msingi iwafikie watoto wote. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa wakiwa vijijini mwao, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa wakufunzi waliowatembelea, huku wakifundisha. Tukawaita "walimu wa UPE", yaani wa elimu ya msingi kwa wote, na hadi leo jina hilo hutamkwa kwa kebehi. Elimu yao ilikuwa ndogo mno, hilo halina ubishi. Lakini walijifunza ualimu wakiwa na watoto mbele yao. Tulipopandisha sifa za kuingia chuoni, jambo ambalo lilikuwa sahihi, tulimwondoa mtoto katika mafunzo, jambo ambalo halikuwa lazima.

Pwani yetu ina mfano bora zaidi. Katikati ya miaka ya 1980 Mombasa ilianza mpango wa shule za awali za madrasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na Bi Swafiya Said akiwa mkufunzi wa kwanza. Ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa uleule, wengi wasio na elimu kubwa. Waliandaliwa kwa muda, wakarudi shuleni kwao, na mkufunzi akawafuata humo humo, akifundisha pamoja nao, akizungumza nao baada ya watoto kuondoka. Zana zilikuwa vifuu, makombe, vizibo, hadithi na nyimbo za nyumbani. Kilichonivutia siku zote katika mpango ule ni mkufunzi mwenyewe: alijua kukaa chini kwenye jamvi.

Sasa tuna nafasi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, na mwelekeo ni kuwa mwalimu wa awali na msingi awe na stashahada. Kenya nao wameacha cheti cha ualimu wa msingi cha P1 na kuingia stashahada. Naunga mkono. Hofu yangu ni kwamba muda ulioongezeka tutaujaza nadharia zilezile kwa kurasa nyingi zaidi, maana ndizo tunazoziweza.

Ndiyo maana sitapendekeza somo jipya. Napendekeza mtu. Asipangiwe mkufunzi yeyote wanachuo wa awali na msingi kabla hajafundisha darasa la kwanza mwaka mzima, Januari hadi Desemba, tangu watoto wakiwa hawajui herufi mpaka wanaposoma. Chuo kikuu chetu kiwe cha kwanza kuwakubali mabingwa wa darasa la kwanza, hata wasio na shahada ya uzamili, waje kufundisha na kulipwa kama wahadhiri. Kila chuo cha ualimu kiwe na shule ya mazoezi jirani, na mwanachuo aende huko kila wiki tangu muhula wa kwanza, siyo kusubiri BTP.

Nanyi walimu wakuu mliomo humu, nawaomba moja. Mmezoea kumpeleka mwalimu wenu hodari darasa la mtihani, na darasa la kwanza mkampa aliyebaki. Januari ijayo, mnapopanga ratiba, anzeni na darasa la kwanza: mwalimu bora mliye naye mpeni hilo, ndipo mgawe mengine.