Jua la Adhuhuri

Leo tunawaalika mfungue Biblia zenu katika Wimbo Ulio Bora, sura ya kwanza, mstari wa sita. Hapo tunakutana na binti anayewasihi wenzake wasimkazie macho, kwa maana jua limemchoma. Tena anaeleza sababu: ndugu zake walimkasirikia, wakampeleka kulinda mizabibu.

Hebu sasa tutembee pamoja pwani ya Diani, saa sita mchana. Wageni kutoka Ulaya, wengi wao vijana, wamelala juu ya mchanga mweupe wakiota jua ili ngozi zao zigeuke rangi. Sisi wenyeji tunapita chini ya mivinje tukicheka kidogo, kwa kuwa kwetu jua la saa hiyo ni kitu cha kukimbiwa. Desturi yao si ya kale. Ilienea huko kwao tangu miaka ya 1920. Madaktari wao huwaonya kwamba miali isiyoonekana kwa macho huharibu ngozi kidogo kidogo, na kansa huweza kutokea miaka mingi baadaye. Hata vile vitanda vya taa vya kugeuza rangi ya ngozi, idara ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya Duniani iliviweka mwaka 2009 miongoni mwa vitu vinavyosababisha kansa kwa hakika.

Lakini mgeni hujilaza mwenyewe, na akichoka huenda kivulini. Yuko mwingine mwenye ngozi isiyo na kinga, naye ni mtoto wetu mwenye ualbino. Yeye hakuchagua jua. Tunamtuma sisi: kisimani, shambani, kuchunga mbuzi, au kumsaidia mama yake kufunga mwani kule Kibuyuni maji yakipwa, ambako jua humpiga kutoka juu na kutoka majini. Ile rangi ambayo Mungu amewapa wengi wetu iwe mwavuli, yeye hana, au anayo kidogo mno. Kansa yake mara nyingi huanzia usoni, masikioni, mdomoni au shingoni, kama kidonda kidogo kisichopona. Kikiwahiwa, daktari hukikata na mtoto akapona. Kikiachwa, humwua angali kijana.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Siku moja tulikuwa na ibada uwanjani, watoto wa shule ya Jumapili wamesimama mistari. Tulipotaka kuomba, tukamwona mvulana mwenye ualbino hajavua kofia. Tukamwamuru aivue, maana ndivyo tulivyozoea, mwanamume haombi amefunika kichwa. Akatii. Sala yetu ilikuwa ndefu, nanyi mnatujua wachungaji. Jioni mama yake akaja nyumbani. Hakugomba. Alituonyesha tu masikio ya mwanawe, yaliyokuwa yamechubuka na kuvimba. Tulikuwa tumesoma theolojia miaka kadhaa, lakini jioni ile hatukuwa na neno. Tulikuwa ndugu zake yule binti.

Basi, wazazi, mpeni mtoto kofia yenye ukingo mpana na nguo ya mikono mirefu, hata kukiwa na mawingu, kwa sababu miali hiyo hupenya mawingu. Kazi za nje azifanye kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Serikali ya Kenya, kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, imekuwa na mpango wa kuwapa mafuta ya kukinga jua walioandikishwa; nendeni mkaulize, na kidonda chochote kisichopona kipelekeni hospitali ya Msambweni upesi. Nanyi walimu, msimsimamishe gwaridani adhuhuri kwa kuogopa kuonekana mnampendelea. Mungu alimwoteshea Yona mmea upate kumtilia kivuli, na Yona alikuwa mtu mzima mwenye hasira.

Mvulana yule bado huja kanisani. Hukaa benchi la tatu, mbali na dirisha, kofia yake kichwani. Tuombe.