Mguu Unaoburuta: Kipimo cha Umeme wa Neva na Misuli kwa Wahudumu wa Afya wa Kisangani

Mtoto wa miaka mitatu, aliyekuwa akikimbia wiki iliyopita, sasa anaburuta mguu wa kulia. Mama yake anaeleza kwamba alishikwa na homa, akachomwa sindano ya kwinini kwenye tako, na kesho yake mguu ukalegea. Muuguzi wa kituo cha afya cha Lubunga, ng'ambo ya mto, ana mashaka mawili. Huenda sindano imeigusa neva kubwa inayopita takoni. Huenda pia ni polio, maana nayo huanza na homa kisha humwacha mtoto na mguu mlegevu. Mtoto huyu ni wa mfano tu, lakini mashaka ya muuguzi ni ya kweli katika vituo vingi vya Kongo na Uganda, ambako madhara ya sindano za takoni yamewashughulisha madaktari wa mifupa kwa miaka mingi.

La haraka halihitaji mashine. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla huripotiwa, hata kama mama ana hakika kwamba chanzo ni sindano. Huchukuliwa sampuli mbili za kinyesi, zikipishana kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee, na hupelekwa zikiwa baridi hadi maabara ya INRB mjini Kinshasa. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya porini nchini Kongo aliugua mwaka 2011. Tangu hapo virusi vitokanavyo na chanjo vimezuka tena na tena katika mikoa mbalimbali, na mtoto anayelemazwa navyo hulegea vilevile. Kinyesi hakisubiri miadi ya daktari wa neva.

Baada ya hapo kipimo cha umeme kina la kusema. Kina sehemu mbili ambazo mara nyingi hufanywa siku moja. Ya kwanza hupima mwendo wa umeme ndani ya neva: neva husisimuliwa kwa mkondo mdogo juu ya ngozi, na jibu hunaswa kwa vibandiko vilivyowekwa mbele yake. Ya pili, elektromiografia yenyewe, hutumia sindano nyembamba isiyoingiza dawa yoyote. Sindano hiyo husikiliza umeme wa msuli unapotulia na unapokazwa. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba sehemu ya kwanza inashtua na ya pili inauma kidogo. Mtoto asiyeandaliwa hulia, msuli hautulii hata dakika moja, na karatasi ya majibu haisomeki.

Hesabu ya mwendo ni nyepesi. Neva ya kati ya mkono ikisisimuliwa kwenye kifundo, msuli wa kidole gumba hujibu baada ya milisekunde 3.5, tuseme. Ikisisimuliwa kwenye kiwiko, jibu huja baada ya milisekunde 7.5. Futi ya fundi nguo ikionyesha sentimita 22 kati ya sehemu hizo mbili, umeme umesafiri milimita 220 kwa milisekunde 4, yaani mita 55 kwa sekunde. Kwa mtu mzima, mkono wenye afya huvuka mita 50 kwa sekunde, na mguu huvuka 40. Hermann von Helmholtz aliupima mwendo huu kwenye neva ya chura mwaka 1850, wakati wanasayansi wenzake wengi waliamini kwamba hauwezi kupimika. Karibu miaka mia moja ilipita kabla ya kipimo hicho kuanza kuwafaa wagonjwa hospitalini.

Msomaji wa majibu huangalia mambo mawili: kasi ya umeme na ukubwa wa jibu. Neva ni kama waya wenye mpira. Mpira ukichunika, umeme hupita polepole lakini hufika. Nyuzi za ndani zikikatika, zile zilizobaki huendelea kupitisha umeme kwa kasi karibu ya kawaida, ila jibu hupungua kimo. Ndiyo maana neno "kasi ni nzuri" peke yake halimtoshi daktari.

Kwa mtoto wa Lubunga, neva yenye habari zaidi ni ile ndogo ya hisi inayopita nyuma ya kifundo cha mguu. Polio huua chembe za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli na kuziacha neva za hisi salama, kwa hiyo jibu la hisi hubaki zuri hata mguu ukiwa umelegea kabisa. Sindano iliyoumiza neva ya takoni huharibu nyuzi za kuamrisha pamoja na za hisi, na jibu lile hupungua au hutoweka. Lakini halitoweki siku ile ile. Uzi uliokatwa juu huendelea kupitisha umeme chini ya jeraha kwa siku kadhaa, na jibu la hisi huchukua siku kama kumi kufa. Msuli uliokatiwa neva huanza kutoa cheche zake wenyewe ukiwa umetulia baada ya wiki mbili au tatu. Familia iliyokusanya nauli kwa shida ikafika siku ya pili, ikapewa karatasi yenye neno "kawaida", imepoteza fedha na imepotoshwa pia. Wiki ya tatu au ya nne ndiyo yenye faida.

Mguu wa mtu mzima unaoburuta una hadithi nyingine, ya ukoma, na mkoa wa Tshopo unaijua vizuri. Chini kidogo ya Kisangani, ukingoni mwa mto Kongo, iko Yakusu, misheni ya Wabaptisti ambako daktari Clement Chesterman alianza kazi mwaka 1920. Stanley Browne alifika huko mwaka 1936. Wenyeji walimwita Bonganga, na kazi yake juu ya ukoma, pamoja na kambi ya Yalisombo, ilimjengea jina mbali na Kongo. Hadi leo Kongo imo katika nchi ambazo Shirika la Afya Duniani linazipa kipaumbele katika vita dhidi ya ukoma.

Bakteria wa ukoma hupenda sehemu za mwili zilizo baridi kiasi, nao hushambulia neva pale zinapopita karibu na ngozi: nyuma ya kiwiko, kando ya goti, nyuma ya kifundo cha mguu, usoni. Neva ya kando ya goti ikifa, unyayo unaning'inia. Ile ya kiwiko ikifa, vidole viwili vya mwisho vinakunjika. Kwa mgonjwa wa namna hii kipimo huonyesha mahali penyewe: kutoka kifundo hadi chini ya kiwiko umeme unakwenda mita 54 kwa sekunde, na unapovuka kiwiko unashuka hadi 30.

Kuna ushahidi kwamba umeme huona mapema kuliko vidole vya mpimaji. Utafiti wa INFIR, uliofanywa kaskazini mwa India, uliandikisha wagonjwa 303 wapya wa ukoma wenye bakteria wengi, na 188 kati yao walifuatiliwa kwa vipimo vya kina. Upitishaji wa neva za hisi na uwezo wa kuhisi joto ulianza kuharibika wiki 12 au zaidi kabla ya uzi wa nailoni unaogusishwa ngozini kugundua ganzi. Kwa ugonjwa ambao prednisoloni huokoa neva ikiwa udhaifu haujazidi miezi sita, wiki hizo 12 ni muda mrefu.

Hata hivyo majibu mazuri ya kipimo hayaondoi uwezekano wa ukoma. Nyuzi nyembamba za maumivu na joto, ambazo mara nyingi ndizo huathirika kwanza, hazionekani kwa mashine hii. Doa lililofifia rangi lisilo na hisi, neva nene inayopapaswa nyuma ya kiwiko, bakteria kwenye sampuli ya ngozi: hizo ndizo dalili za kutambua ukoma, na muuguzi aliyefundishwa Isangi au Opala anaweza kuzipata bila umeme wowote.

Ugonjwa mwingine wa miguu unaojulikana Kongo unaonyesha mpaka wa kipimo hiki kwa uwazi zaidi. Konzo ilielezwa na Giovanni Trolli mwaka 1938 huko Kwango, na mwaka 1985 ikazuka Tarime, Tanzania. Huwapata watu wanaoishi kwa mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha huku wakikosa protini. Miguu haining'inii, bali hukakamaa, magoti yakagusana. Uharibifu upo juu, katika njia inayotoka ubongoni, na neva za miguu zenyewe hubaki salama. Wagonjwa wawili kutoka Zaire, walioelezwa kitaalamu mwaka 1993, walisisimuliwa ubongo kwa sumaku na misuli yao haikujibu. Anayemtuma mgonjwa wa konzo kwa kipimo cha kawaida cha neva hana budi kujua kwamba majibu mazuri hayapingi ugonjwa, bali yanakubaliana nao.

Kisangani imejaa neva nyingine za kupima. Mwendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, anayeegemea usukani siku nzima huibana neva kwenye kiganja. Kisukari kinapoharibu neva, ganzi huanza kwenye vidole vya miguu pande zote mbili. Mfua nguo au mtwangaji huamka usiku akikung'uta mkono, na kwake kipimo hutofautisha vizuri neva iliyobanwa kwenye kifundo na tatizo la shingo.

Chumba chenyewe kinaweza kuharibu haya yote. Mji upo karibu na ikweta, lakini kiyoyozi cha chumba cha mashine hupoza mikono ya mgonjwa anayesubiri, na kila nyuzi moja ya joto inayopotea hupunguza mwendo kwa mita 1.5 hadi 2.5 kwa sekunde. Mtu mzima wa afya hugeuzwa mgonjwa kwa baridi tu. Ngozi ya mkono ipimwe joto, na ikiwa chini ya nyuzi 32 ipashwe kwa maji vuguvugu. Umeme wa ukutani nao huvuma mara 50 kwa sekunde, na majibu ya hisi ni ya mikrovolti chache, kwa hiyo jenereta isiyounganishwa ardhini vizuri huyafunika yote.

Kilichobaki ni barua ya rufaa. "Ganzi, tafadhali pima" haimsaidii yeyote. Barua inayofaa hutaja tarehe udhaifu ulipoanza, upande, mahali sindano ilipochomwa kama ilichomwa, msuli gani hauna nguvu, kama kano la kisigino linaitika nyundo, dawa za kuzuia damu kuganda, na swali moja: "Mguu wa kulia umelegea tangu tarehe 3, siku moja baada ya sindano ya takoni, kinyesi kimeshapelekwa, je, hisi ya nyuma ya kifundo ipo?"