Daftari la Pili: Maneno ya Mwenyekiti Katika Sherehe ya Miaka 10



Mambo ya hisa na mikopo mweka hazina ameshayasoma, hatutayarudia. Sisi tumeombwa tueleze habari ya daftari la pili, kwa sababu wengi mnalisikia tu, na wengine mmeshalizushia maneno. Akina baba mtuwie radhi, yatatajwa mambo ya ndani. Lakini mtoto hatafutwi na mama peke yake.

Katika mwaka wetu wa tatu, mwenzetu mmoja alikuja kikaoni kuomba apewe hisa zake zote. Tukamuuliza kulikoni. Akasema anataka nauli ya kurudi kwao. Ana miaka minne kwenye ndoa, mtoto hakuna, na mawifi wameshaanza kumtafutia kaka yao mke mwingine. Siku ile hatukukopeshana. Tulizungumza mpaka jioni, na kumbe katika watu 28 wanne walikuwa na shida hiyo hiyo, kila mmoja analia kwake.

Tukamwalika muuguzi wa zahanati. Swali lake la kwanza: unaingia mwezini kila baada ya siku ngapi? Jamani! Sisi tunaojua nani anadaiwa shilingi ngapi tangu mwaka juzi, hakuna aliyejibu. Akatuambia, basi nunueni daftari. Ndiyo hilo. Kila mwenye haja ana lake, analiweka nyumbani kwake, haliingii kwenye sanduku la kikundi wala hasomewi mtu.

Kuandika kwenyewe si kugumu. Siku ya kwanza ya damu ni siku ya 1. Unahesabu mpaka siku ya mwisho kabla damu nyingine haijaanza, huo ndio mzunguko wako. Mmoja ana siku 26, mwingine 30, mwingine 35. Wengi tuliotoka darasa la saba tulishika kwamba yai hutoka siku ya 14, tukamaliza. Muuguzi akasema hapana, hesabu kwa kurudi nyuma. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, pengine pungufu kidogo au zaidi kidogo. Jambo hilo si la leo, madaktari wawili, Ogino wa Japani na Knaus wa Austria, walilieleza kwenye miaka ya 1920. Basi mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake ni kama siku ya 14, lakini mwenye siku 35 ni kama siku ya 21.

Na hapa ndipo wengi tulipokuwa tunakosea. Yai likishatoka haliishi hata siku nzima mbili, ni saa 12 mpaka 24 hivi. Mbegu ya baba ndiyo inayoweza kungoja, hata siku 5. Kwa hiyo siku za kupata mimba ni ile ya yai na zile 5 zilizotangulia. Ukingoja yai litoke kwanza ndipo umwite mwenzio, umechelewa. Kliniki walitufundisha kuziita siku za hatari, kwa sababu somo lilikuwa la kupanga uzazi. Kwa anayetafuta mtoto ni hatari gani hiyo? Tukacheka sana.

Huyu mwenzetu wa nauli, mumewe ni dereva wa lori la masafa. Daftari lilionyesha mzunguko wake ni siku 34 au 35. Miaka yote minne walikuwa wanaitafuta siku ya 14, mume akiomba ruhusa kwa tajiri wake arudi siku hizo, kisha anaondoka safari, na yai linatoka baba yuko Tunduma. Walipobadilisha siku za ruhusa, mwezi wa tano hakuona damu. Mtoto huyo sasa yuko darasa la awali, na leo amekula pilau kuliko sisi.

Lakini hesabu peke yake hukisia, maana mwezi mmoja si sawa na mwingine. Hata simu za mabinti zetu zenye programu ya kuhesabu siku zinakisia vile vile kutokana na miezi iliyopita. Dalili ya leo ni ute. Baada ya hedhi kunakuwa kukavu, halafu ute wa kunata, halafu unakuwa wa kuteleza, mweupe wa kuangaza kama ute wa yai bichi la kuku, ukiuvuta kwa vidole haukatiki upesi. Hizo ndizo siku zenyewe. Sasa sisi wengine tulifundishwa kujikausha kwa shabu na kujiosha ndani kwa ndimu tuonekane wasafi. Unajikwangua, unaifuta ile ile dalili unayoitafuta, na unajiletea vidonda na maradhi. Hili tulilisema kwa nguvu na leo tunalirudia.

Kipimajoto nacho tulijaribu. Joto la mwili hupanda kidogo sana yai likishatoka, kwa hiyo linakuambia yaliyopita tu. Tena lazima upime alfajiri kabla hujainuka kitandani. Mama vitumbua anayeamka saa tisa usiku kuwasha moto, atapima saa ngapi? Tuliliacha. Vijiti vya kupima mkojo vya duka la dawa husaidia, ila vina gharama kila mwezi.

Sasa wale watatu waliobaki. Mmoja hedhi yake ilikuwa inapotea miezi mitatu, minne. Daftari lake lilimpa daktari pa kuanzia, akatibiwa, ana mapacha. Wa pili daftari lake halikuwa na kosa hata moja. Alikuwa amekwenda mahali akaambiwa tu kwamba ni wasiwasi wake. Tukamkopesha kutoka mfuko wa jamii apigwe picha ya kizazi, mirija yote miwili imeziba. Daftari haliwezi kuzibua mirija. Hakupata mtoto, na hatutaki kumficha kwenye sherehe hii, mwenyewe ametuambia tuseme. Ndiye anayeshika ufunguo wa pili wa sanduku. Wa tatu, mumewe alikataa kupimwa miezi minane. Alipokubali, mbegu zake zilikuwa chache. Miezi minane mama wa watu anaitwa tasa! Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo hili maishani, na wanaume wamo humo.

Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu: andika, kutaneni siku za ute kila siku au siku moja ruka moja. Mwaka ukipita bila mimba nendeni hospitali, wote wawili. Aliyetimiza miaka 35 asingoje mwaka, miezi 6 inatosha. Hedhi ikiwa haieleweki, usingoje kabisa. Mkopo wa vipimo hauna riba, tulipitisha wenyewe.

Muuguzi atakuwepo Alhamisi baada ya kikao. Njoo na daftari na kalamu, na baba akija apewe kiti.