Taarifa ya Ajali ni Haki ya Mfanyakazi

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa kawaida twautumia msemo huo kuhimiza umoja. Lakini kwa seremala aliyekatwa vidole na msumeno, maneno hayo hayana fumbo lolote. Leo tuzungumze juu ya ajali za mikono makazini, na hasa juu ya yale yanayofuata baada ya ajali kutokea.

Tuchukue mfano wa mtaa wa Nyamityobora, mjini Mbarara, magharibi mwa Uganda. Katika mji kama huo kijana hutafuta kibarua penye kuchomelewa vyuma, penye kupasuliwa mbao au penye mashine ya kusaga unga. Miongoni mwa watafutao kazi wamo wakimbizi kutoka makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyofunguliwa mwaka 1958 na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Mara nyingi mapatano ya kazi ni ya mdomo tu.

Ajali inapotokea, majeruhi hupelekwa hospitali na kupewa fedha kidogo ya dawa. Kisha huambiwa apumzike mpaka apone. Akirudi, hukuta nafasi yake imekwisha chukuliwa. Akiuliza, hujibiwa kwamba uzembe ulikuwa wake, au kwamba hakuwa mwajiriwa bali kibarua. Naye akiwa mkimbizi, huogopa kwamba kulalamika kutamletea balaa kubwa zaidi. Hivyo hunyamaza.

Ndugu msikilizaji, majibu hayo hayana msingi katika sheria. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda, iliyopitishwa mwaka 2000, inamtambua kuwa mfanyakazi mtu afanyaye kazi kwa ujira, awe analipwa kwa siku au kwa kipande, na mapatano yake yawe ya maandishi au ya mdomo. Fidia haiondolewi kwa sababu tu ya uzembe wa mfanyakazi. Aidha, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Mkono wake una thamani ile ile.

Thamani hiyo hupimwa hivi. Mtu aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hulipwa mapato ya miezi 60. Aliyepoteza sehemu ya uwezo wake hulipwa asilimia fulani ya mapato hayo, kwa kadiri ya kiungo kilichoharibika. Tuseme kijana alikuwa akipata shilingi 200,000 kwa mwezi. Mapato ya miezi 60 ni shilingi 12,000,000. Ikiwa ulemavu wake umepimwa kuwa asilimia 20, haki yake ni shilingi 2,400,000. Ni dhahiri kwamba fedha ya dawa aliyopewa siku ya ajali haiwezi kuitwa fidia.

Lakini haki hiyo ina mlango wake, nao ni taarifa. Mfanyakazi anatakiwa kumwarifu mwajiri wake, kwa mdomo au kwa maandishi, katika muda wa mwezi mmoja. Ni busara kuiandika taarifa hiyo, kutaja siku na mashine, kuwataja walioshuhudia, na kutunza karatasi za hospitali. Asitie sahihi kwamba amekwisha ridhika kabla daktari hajaupima ulemavu wake. Mwajiri akikaidi, ofisi ya ofisa wa kazi ndiyo pa kwenda.

Waajiri nao wakumbuke kwamba sheria inawataka kuwakatia bima wafanyakazi wao. Nchini Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, hukusanya michango ya waajiri na kuwalipa walioumia. Uganda mzigo unabaki kwa mwajiri na bima yake. Asiyekata bima amejiweka yeye mwenyewe hatarini, pamoja na kibarua wake. Tena kinga ya msumeno ni rahisi kuliko kidole.

Ni vigumu kwa ofisa wa kazi kuzijua hatari za karakana ambayo ajali zake hazijapata kumfikia. Kila ajali inayofichwa huiacha mashine ile ile, bila kinga, ikimngoja kijana mwingine. Basi anayetoa taarifa hajitetei peke yake. Anamwokoa na yule atakayeshika kazi baada yake.