Kenya na Uganda: Wapi Kuna Maisha Bora?

(Mawaidha kwa vijana na wazazi wa Kitale na Bungoma)



Wazazi wetu, ndugu na dada zangu katika Uislamu, tunamshukuru Allah (S.W.) aliyetufikisha tena mwezi huu mtukufu. Amma baad.

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo vijana hulijadili sana barazani baada ya Tarawehe: kati ya Kenya na Uganda, wapi watu wanaishi vizuri? Swali hili kwetu si la mbali. Wewe wa Bungoma ukipanda matatu pale Kanduyi, muda si muda uko Malaba. Wewe wa Kitale ukipita Endebess unafika Suam. Hata neno bodaboda lilianzia kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu mpakani kule Busia.

Tuanze na pesa, maana vijana ndiko huanzia. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 25 za Uganda. Basi mwenzetu husimama akasema, "Sisi ni matajiri bwana, zao ni makaratasi!" Kijana, hesabu hiyo si sawa. Noti haikuambii kitu mpaka ujue inanunua nini, na mwenyewe anapata ngapi kwa mwezi. Mbona mayai, ndizi na maharagwe kutoka Uganda yamejaa masoko yetu? Ni kwa sababu kule mara nyingi bei ni nafuu. Na mbona vijana wa kule huvuka kuja kutafuta kazi za shamba na za nyumbani kwetu? Ni kwa sababu mshahara wa hapa ukibadilishwa unawafaa kwao. Kila upande una lake.

Wataalamu nao wana kipimo chao. Mwislamu mwenzetu, mchumi Mahbub ul Haq wa Pakistan, ndiye aliyeongoza ripoti ya kwanza ya Umoja wa Mataifa juu ya maendeleo ya binadamu, mwaka 1990. Yeye alikataa nchi zipimwe kwa pesa peke yake. Paliangaliwa pia watu wanaishi miaka mingapi na wanasoma miaka mingapi. Katika ripoti iliyotoka 2024, Kenya ilikuwa nafasi ya 146 na Uganda ya 159, kati ya nchi 193. Tumewatangulia, ndiyo, lakini mtu wa 146 hana haki ya kumcheka wa 159!

Na kuna walipotutangulia wao. Uganda ilianza elimu ya msingi bila karo mwaka 1997, sisi tukafuata 2003. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, ng'ambo tu ya Mlima Elgon, na vijana wengi wa Kenya wamekwenda kusoma huko.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwani kuna neema ambayo kipimo hicho hakiihesabu: amani. Katika Suratul Quraysh, Mwenyezi Mungu anawakumbusha Maquraysh neema mbili, kulishwa wasife njaa na kusalimishwa na khofu. Zimetajwa pamoja. Chakula bila amani hakilali tumboni.

Waulizeni wazee wenu. Wakati wa utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, Waganda walikimbilia Kenya, na walimu wao wakasomesha katika shule zetu. Siku hizo tulisema Kenya ndiyo kwenye maisha. Halafu vita vya ardhi vikazuka Mlima Elgon mwaka 2006, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ikawaka moto. Maelfu ya Wakenya wakavuka mpaka na watoto mgongoni. Walikimbilia wapi? Uganda! Ile ile tuliyokuwa tukiicheka ndiyo iliyotufungulia mlango.

Na mpaka wenyewe ni nini? Hadi mwaka 1902 hapa kwetu palikuwa sehemu ya Uganda, Waingereza wakapahamishia upande wa pili kwa kalamu tu. Ndiyo maana Wabukusu wana ndugu zao Wagisu kule, na Wasabaot wana ndugu zao Wasebei.

Kwa hivyo, kijana, sikukatazi kulinganisha. Ukitaka kuhamia kule au kokote, uliza: mshahara utanunua nini? Mtoto akiugua atatibiwa wapi? Atasoma wapi? Nitalala bila khofu? Maswahaba walipohamia Habasha hawakufuata mali, walifuata mfalme asiyemdhulumu mtu.

Lakini usilinganishe ili upate wa kumdharau. Katika nyumba zetu nyingi yuko dada aliyevuka mpaka kuja kufanya kazi. Jioni anapika uji na viazi vya futari, sisi tumekaa mkekani tunangoja adhana. Je, mshahara wake wa mwezi uliopita amelipwa? Naye anafuturu kile kile tunachokula sisi, au anangojea makombo jikoni? Maisha bora ya Kenya, kwake yeye, ni yale anayoyaona ndani ya nyumba yako.

Kama unadaiwa, mlipe kabla ya Idd. Allah atutakabalie saumu zetu na azipe amani nchi zote mbili. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.